Somo la Hisabati: Pembetatu ya Goma, Sake na Nyiragongo



Sisi makapita wa mwaka wa mwisho tumepewa nafasi katika kurasa hizi ili tusaidie wadogo zetu kwa hisabati. Tumechagua jambo moja linalosumbua wengi: namna ya kueleza eneo la pembetatu kwa milinganyo na kutolingana, yaani zile tunazoita darasani ekwasio na inekwasio. Wengi wanajua kuchora mstari. Lakini mwalimu akiuliza, "Eneo ni upande gani?", kaye inabaki nyeupe. Zaidi ya hayo, makapita tuko na kazi ya kujua kila mwanafunzi anakaa wapi, ili siku mlima ukiamka tujue nani anaondoka na nani. Basi kusema "iko ndani" ao "iko inje" siyo mchezo wa tablo tu.

Chukueni kaye yenye miraba, late na kalamu ya risasi. Kurasa zetu hazibebi michoro vizuri, kwa hiyo kila mmoja achore mwenyewe.

1. Kuweka nukta

Tunaweka sifuri pale Grande Barrière, kwenye mpaka, karibu na ziwa. Mhimili wa x unaenda mashariki, mhimili wa y unaenda kaskazini. Mraba mmoja ni kilometa moja. Tukienda magharibi, x inakuwa hasi; musisahau.

Tumezungusha namba ili hesabu iwe rahisi:

G (Goma, Barrière): (0, 0)
N (kilele cha Nyiragongo): (0, 20)
S (Sake): (-20, 15)

Angalieni N: x yake ni 0, juu mlima uko karibu kaskazini kabisa ya Barrière. Na kutoka G mpaka S, Pythagoras anatupa mzizi wa 400 + 225, yaani kilometa 25, kama ndege angeruka moja kwa moja bila kufuata kona za barabara.

2. Mistari mitatu

Kila upande wa pembetatu ni kipande cha mstari, na kila mstari uko na mlinganyo wake.

Upande GN: x = 0.

Upande GS: mwinuko ni 15 gawanya kwa -20, yaani -3/4. Basi y = -3x/4, ao kwa kuondoa sehemu: 3x + 4y = 0.

Upande SN: mwinuko ni (20 - 15) gawanya kwa (0 + 20), yaani 1/4. Basi y = x/4 + 20, ao: x - 4y + 80 = 0.

Kabla ya kuendelea, jaribuni kama kazi ni sawa. Jumlisheni ekwasio ya GS na ya SN: 4y inakufa, inabaki 4x + 80 = 0, basi x = -20 na y = 15. Ndiyo Sake. Mistari miwili ikikutana pale tulipoitaka, tunaweza kuendelea bila woga.

3. Upande gani?

Mstari mmoja unagawa uwanja wote mara mbili, kama barabara inavyogawa mashamba. Ekwasio inasema nani anasimama juu ya barabara. Inekwasio inasema nani anakaa upande huu na nani upande ule.

Wengi wanabahatisha alama. Hakuna haja. Kwa kila upande wa pembetatu, chukua kilele kinachoutazama, kile ambacho hakimo juu ya mstari huo, na uweke namba zake. Kilele hicho ni cha pembetatu, basi upande wake ndio upande wetu.

Kwa GN, kilele kinachoutazama ni S: x = -20, iko chini ya 0. Tunaandika x ≤ 0.

Kwa GS, kilele kinachoutazama ni N: 3(0) + 4(20) = 80, iko juu ya 0. Tunaandika 3x + 4y ≥ 0.

Kwa SN, kilele kinachoutazama ni G: 0 - 0 + 80 = 80, iko juu ya 0. Tunaandika x - 4y + 80 ≥ 0.

Tunatumia ≤ na ≥ juu tunahesabu pia wanaosimama kwenye mpaka wenyewe. Kama mwalimu anasema mpaka hauhesabiwi, tumieni < na >, na mistari ichorwe kwa nukta nukta.

4. Neno dogo "na"

Hapa ndipo pointi nyingi zinapotea. Nukta iko ndani ya pembetatu kama inatimiza ya kwanza NA ya pili NA ya tatu. Siyo ya kwanza ao ya pili. Mwenye kutimiza mbili na kukosa moja yuko inje kabisa, sawa na yule aliyekosa zote.

Tujaribu nukta mbili za mfano.

A (-6, 12): x = -6, sawa. 3(-6) + 4(12) = 30, sawa. -6 - 48 + 80 = 26, sawa. A iko ndani.

B (-12, 6): x = -12, sawa. 3(-12) + 4(6) = -12, siyo sawa. Hata kama ya tatu inatimia (-12 - 24 + 80 = 44), B iko inje. Ukiona moja imekataa, simama. Hakuna haja ya kuendelea.

5. Na Kibati je?

Sasa tuchukue Kibati, kwenye njia ya Rutshuru. Wote wanajua kwamba Kibati iko chini ya mlima. Ndipo watu walikuwa wakianzia kupanda Nyiragongo. Kwa ramani yetu tunaiweka karibu na (3, 14). Tuhesabu: x = 3. Lakini sharti letu la kwanza linasema x ≤ 0. Kibati iko inje!

Hesabu haikusema uongo. Imejibu swali tuliloiuliza, na swali lilikuwa fupi kuliko hatari. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, lava ilishuka upande huo wa Kibati, ikakata barabara ya Rutshuru, ikafika mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Kama mtu angefanya orodha ya watu wa kuangalia kwa pembetatu yetu ya kwanza, angeacha jamaa za Kibati, na angeweza kuonyesha hesabu isiyo na kosa hata moja.

Basi tubadilishe pembetatu. Tuweke kilele kipya Kibumba, mbele kwenye njia ileile: K (10, 25). G na S zinabaki. Sharti la GS halibadiliki. Mengine mawili ni haya:

Upande GK: mwinuko ni 25/10, yaani 5/2, basi 5x - 2y = 0. Tukiweka S: -100 - 30 = -130. Tunaandika 5x - 2y ≤ 0.

Upande SK: mwinuko ni 10/30, yaani 1/3, basi x - 3y + 65 = 0. Tukiweka G: 65. Tunaandika x - 3y + 65 ≥ 0.

Kibati (3, 14): 15 - 28 = -13, sawa. 3 - 42 + 65 = 26, sawa. 9 + 56 = 65, sawa. Kibati imeingia. Na kilele cha Nyiragongo (0, 20)? -40, sawa, 5, sawa, 80, sawa. Mlima wenyewe uko ndani sasa.

6. Onyo

Mtu asichukue mchoro huu kuwa ramani ya hatari. Karatasi ni tambarare, na Nyiragongo iko na mita 3 470 za urefu. Lava inafuata mabonde na nyufa, haisomi late. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977 ilitoka kwa mbio kwenye mbavu za mlima. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 nyufa zilishuka mpaka karibu na Munigi, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, kisha ikaingia ziwani. Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, wakubwa walipoamuru watu waondoke, walitaja mitaa kumi ya Goma kwa majina, na wengi wakaenda Sake. Siku kama hiyo tunasikiliza wenye kazi ya kuchunguza volkano na wakubwa wa mji. Hesabu inatufundisha kuuliza mapema: mpaka huu nani aliuweka, na nani amebaki inje yake?

7. Mazoezi

a) Kwa pembetatu ya kwanza (GSN), semeni kama nukta hizi ziko ndani, inje ao mpakani: (-10, 15), (-4, 20), (-8, 6).

b) Tafuteni eneo la GSN kwa kilometa za mraba, kisha la GSK. Pembetatu ya pili imeongeza ngapi?

c) Wekeni mtaa wenu kwenye mchoro kwa kukadiria. Uko ndani ya GSN? Uko ndani ya GSK? Andikeni masharti yote, siyo jibu peke yake.

Leteni kaye zenu kwa makapita mbele ya Ijumaa. Zoezi la tatu tutalihifadhi pamoja na orodha ya mitaa. Mwenye kushindwa asinyamaze. Aje saa ya mapumziko, tutachora pamoja.