Kwa Nini Wanawake ni Wachache katika Fani ya Kompyuta?

Wengi hudhani kwamba kazi ya kompyuta ni ya kiume kwa asili yake. Historia ya Marekani yaonyesha vingine. Mashine iitwayo ENIAC ilipoonyeshwa kwa umma mwaka 1946, wanawake sita ndio waliokuwa watayarishaji wakuu wa programu zake. Mwaka 1984, wanawake walikuwa asilimia 37 hivi ya waliopata shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta nchini humo. Kufikia mwaka 2010 walikuwa asilimia 18 hivi.

Je, akili za wanawake zilipungua? La hasha! Sababu moja kubwa ni kompyuta ndogo za nyumbani, zilizoenea katika miaka ya 1980. Zilitangazwa zaidi kuwa vifaa vya wavulana. Hivyo mvulana aliingia chuoni akiwa na mazoezi, na msichana hodari wa hisabati akajiona hafai. Tofauti ya mazoezi ikadhaniwa kuwa tofauti ya vipaji.

Ushahidi ulipatikana katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Mwaka 1995, wanawake walikuwa asilimia 7 ya wanafunzi wapya wa kompyuta. Chuo kikaacha kutanguliza uzoefu katika kuchagua wanafunzi, kikawawekea wasio na uzoefu masomo ya kuanzia. Mwaka 2000 wakafikia asilimia 42.

Kwa hiyo, mwalimu mwenye kompyuta chache hana budi kupanga zamu zilizo sawa. Anayeizoea mashine mapema ndiye huonekana ana kipaji.