Lugha ya Sera ya Mazingira: Mafunzo kutoka Migori na Homa Bay

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo kati ya sera ya mazingira nchini Kenya na lugha ambayo kwayo sera hiyo humfikia mwananchi. Mifano imetolewa katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako uchimbaji wa dhahabu, kilimo cha tumbaku na uvuvi hukutana kwenye ukingo wa ziwa moja. Hoja kuu ni kwamba istilahi za sera huamua, kwa kiasi kikubwa, nani atauliza, nani atapinga na nani atanyamaza pale mipango ya maendeleo inapojadiliwa.

1. Utangulizi

Kenya haina upungufu wa sheria za mazingira. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika Januari 2000. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Katiba ya mwaka 2010 iliongeza uzito wa suala hili. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali kuhimiza umma kushiriki katika kuyasimamia na kuyahifadhi mazingira hayo. Kifungu cha 70 nacho kinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Ikafuata Sera ya Taifa ya Mazingira ya 2013, na tangu ugatuzi uanze mwaka huo, kila kaunti huandaa mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano: 2013–2017, 2018–2022 na 2023–2027.

Hati hizi zina sifa moja inayomhusu moja kwa moja mwanafunzi wa Kiswahili: zilitungwa kwa Kiingereza. Hata Katiba, ambayo katika Kifungu cha 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, inasema katika Kifungu cha 259 kwamba matoleo ya lugha mbalimbali yakitofautiana, toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Kwa hiyo mwananchi wa Nyatike au Mbita hukutana na sera ikiwa tayari imekwisha kufikiriwa katika lugha nyingine. Jambo la kuchunguza ni kile kinachopotea njiani na gharama ya upotevu huo.

2. Kaunti mbili, ziwa moja

Migori ni kaunti ya dhahabu. Mgodi wa Macalder, uliotoa shaba, dhahabu na fedha, ulifungwa mwaka 1966, lakini kufungwa kwake hakukumaliza uchimbaji. Wachimbaji wadogo wameendelea kuchimba katika Nyatike na maeneo jirani, na wengine huyarudia mabaki ya mawe yaliyosagwa zamani. Mawe husagwa, unga wake ukachanganywa na maji na zebaki, na zebaki ikanasa chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa ili zebaki iruke kama mvuke na dhahabu ibaki. Mara nyingi kazi ya kuosha na kuchoma hufanywa na wanawake, na mvuke huo huingia mapafuni mwa anayechoma na mwa mtoto aliye karibu naye.

Zebaki isiyoruka hubaki katika udongo na maji. Huko vijidudu vinaweza kuigeuza kuwa sumu inayoingia katika miili ya viumbe wa majini na kuongezeka kadiri samaki mkubwa anavyomla mdogo. Mto Kuja, unaotoka nyanda za juu za Gusii na kupokea maji ya Mto Migori, huingia ziwani Nyatike. Hivyo mchimbaji na mvuvi wamefungwa kwa uzi mmoja hata kama hawajaonana.

Katika nyanda za Migori, hasa upande wa Wakuria, tumbaku imekuwa zao la biashara kwa miongo mingi. Tumbaku inayokaushwa kwa moto huhitaji kuni nyingi. Miti inapokatwa, udongo hukosa kinga, na mvua huubeba hadi mitoni. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalianzisha Migori mradi wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kulima maharage yenye madini mengi ya chuma. Mradi huo uliutambua ukweli ambao sera nyingi huusahau: mkulima hawezi kuambiwa aache bila kuonyeshwa anakoelekea.

Homa Bay hupokea matokeo. Udongo, mbolea na majitaka yanayoingia ziwani huirutubisha gugumaji, mmea ulioenea upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuziba sehemu kubwa za Ghuba ya Winam kufikia mwaka 1998. Wadudu aina ya fukusi walioachiwa ziwani walisaidia kuupunguza, lakini baada ya mvua kubwa za 2006 ulirejea kwa nguvu. Gugumaji inapotanda, mashua hazitoki, nyavu hukwama, na mama anayeuza omena hukosa cha kuanika. Ngege na mbuta hawajui mpaka wa kaunti. Wala ziwa lenyewe si la Kenya pekee: Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo lake, lililobaki likiwa la Uganda na Tanzania.

3. Istilahi tatu chini ya darubini

Istilahi ya kwanza ni maendeleo endelevu. Dhana hii ilienea duniani kupitia ripoti ya Tume ya Brundtland ya 1987, iliyoeleza kwamba kizazi cha sasa kitimize mahitaji yake bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kutimiza ya kwao. Kiini chake ni kujizuia. Kimofolojia, hata hivyo, maendeleo na endelevu yote yametokana na kitenzi endelea. Kivumishi endelevu kimeundwa kwa kiambishi -vu, kama -vumilivu kutokana na vumilia na -sikivu kutokana na sikia. Msikilizaji asiyejua historia ya dhana anaweza kusikia kuendelea kunakoendelea, yaani mwendo usio na breki. Wazo la mipaka, ambalo ndilo uti wa mgongo wa dhana, halimo ndani ya umbo la neno. Hii haimaanishi kwamba istilahi itupwe, kwani imekwisha kukita mizizi. Inamaanisha kwamba kila inapotumiwa mbele ya umma inahitaji maelezo, na Kiswahili kina hazina ya kuyatoa: akiba, mbegu, urithi, amana. Mkulima anayeweka mbegu huku njaa ikimwuma anaielewa ripoti ya 1987 bila kuisoma.

Istilahi ya pili ni tathmini ya athari kwa mazingira. Katika sheria, athari ni matokeo ya aina yoyote, mema na mabaya. Katika matumizi ya kila siku, aliyeathirika ni aliyepatwa na madhara. Mwananchi akiulizwa kuhusu athari za mradi, huenda akadhani anaulizwa kama tayari ameumia. Kwa kuwa mradi haujaanza, atajibu kwamba hakuna athari, na jibu lake litaandikwa kuwa ni ridhaa.

Istilahi ya tatu hujitokeza kwa sura mbili: ushiriki wa umma na ushirikishwaji wa umma. Wengi huzitumia kana kwamba ni kitu kimoja, lakini viambishi vinasema vingine. Ushiriki unatokana na shiriki, na mtendaji wake ni mwananchi mwenyewe. Ushirikishwaji unatokana na shirikishwa, kitenzi chenye kauli ya kutendesha na ya kutendwa kwa pamoja. Hapa mwananchi hutendewa, na yupo mwingine anayeamua lini na kwa kiasi gani. Mkutano ambao watu huitwa, husomewa hati na kutia saini mahudhurio ni ushirikishwaji. Ule ambao watu huuliza, hupinga na kubadilisha hati ni ushiriki. Kifungu cha 69 kinadai huu wa pili.

4. Sheria yenyewe inadai tafsiri

Ingekuwa kosa kudhani kwamba sheria imelisahau suala la lugha. Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi kutangaza mradi wake redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji, kufanya angalau mikutano mitatu na wale watakaoguswa, na kuhakikisha kwamba yupo mratibu anayefaa wa kupokea na kunakili maoni ya mdomo na ya maandishi pamoja na tafsiri zake. Hivyo tafsiri ni sehemu ya utaratibu wa kisheria. Mfasiri asipokuwepo, au akiwa mtu aliyeokotwa mkutanoni kwa sababu tu anajua Kiingereza, ni utaratibu wenyewe uliopungua.

Migori na Homa Bay zina Waluo, Wakuria, Wasuba, Wagusii na wengine. Karibu na mpaka wa Isebania na Sirari, wachimbaji na wafanyabiashara kutoka Tanzania huchanganyika na wenyeji. Dholuo itatosha katika fuo nyingi za Homa Bay, lakini haitatosha mahali ambapo Mluo, Mkuria na Mtanzania wanachimba shimo moja. Hapo ndipo Kiswahili huwa daraja. Lakini daraja lililojengwa kwa istilahi za vitabuni pekee huweza kugeuka kuwa ukuta wa pili. Ikiwa wachimbaji wanaiita zebaki kwa jina jingine, tangazo litaje majina yote mawili, maana onyo lisiloeleweka halimkingi mtu.

5. Pingamizi

Msomi anaweza kupinga kwamba lugha haisafishi ziwa. Hoja hii ina nguvu. Upande wa pili wa mpaka, katika mikoa ya Mara na Geita, Kiswahili ndiyo lugha ya kazi na ya utawala, na bado wachimbaji wadogo hutumia zebaki. Wanaitumia kwa sababu ni rahisi kupatikana, kazi yake ni ya haraka, na njia mbadala huhitaji mtaji. Anayechoma donge leo ili watoto wale leo hakosi msamiati, amekosa chaguo.

Hata hivyo, pingamizi hili linaonyesha mpaka wa hoja bila kuivunja. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kugawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Jamii isiyojua kwamba ina asilimia 10 haiwezi kuidai, na isiyoweza kuidai haitapata mtaji wa kununua mitambo salama. Ufukara na lugha hushikana mikono, na anayetaka kuuondoa mmoja hana budi kuugusa mwingine.

6. Hitimisho

Imebainika kwamba sera ya mazingira hupitia lango la lugha kabla ya kufika shambani, mgodini au ufuoni. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi tatu mahususi hapa: kukusanya maneno ambayo wachimbaji, wavuvi na wakulima huyatumia kwa vitu vya kazi zao, kufasiri muhtasari wa mipango ya kaunti kabla ya mikutano ya umma, na kuwaandaa wafasiri wa mikutano wanaoielewa taaluma. Kazi hizi zina muda. Mpango wa kaunti wa 2023–2027 utafuatiwa na mwingine, na maoni hukusanywa kabla hati haijapitishwa. Atakayefika baada ya hapo na tafsiri nzuri atakuwa amewaletea watu habari ya jambo lililokwisha kuamuliwa.

Maswali ya mjadala

1. Pendekeza maelezo ya sentensi mbili ya maendeleo endelevu yanayofaa kwa kikao cha wavuvi.
2. Linganisha ushiriki na ushirikishwaji kisarufi, kisha ueleze umuhimu wa tofauti hiyo kwa sera.
3. Je, Kiswahili kitangulie lugha za wenyeji katika mikutano ya umma? Toa hoja za pande zote mbili.