Kisukuma Ukubwani: Maswali ya Wageni wa Bariadi

Walimu, wauguzi na maofisa ugani hupangiwa vituo vya kazi Simiyu kutoka kila pembe ya nchi. Wengi hushuka stendi ya Bariadi bila hata salamu moja ya Kisukuma, na wakishapata chumba cha kupanga huanza kuuliza. Mtaalamu wa lugha amechagua hapa yale maswali yanayomuudhi au kumtia wasiwasi zaidi. Majina ya vyakula na bei za sokoni hayamo; hayo mgeni atayapata kwa jirani yake kabla wiki haijaisha.

Kisukuma si Kiswahili cha kijijini tu? Nikibadilisha "m-" iwe "mu-" na "wa-" iwe "ba-", si tutaelewana? (Mwalimu wa sekondari, Maswa)

Hapana. Na kwa kuwa dhana hii ndiyo inayowaharibia wageni wengi, inastahili jibu refu.

Kisukuma na Kiswahili ni lugha mbili za Kibantu, kila moja na sarufi yake. Undugu upo na unasaidia mwanzoni: watu ni *banhu*, mtu ni *munhu*, mbili ni *ibili*. Hapo mwanafunzi hufurahi, akadhani kazi imekwisha. Lakini hata katika *munhu* kuna jambo asilolijua. Ile *nh* si *n* ya kawaida. Ni sauti ya puani inayotoka na pumzi, bila mghuno, na Kiswahili hakina sauti hiyo. Iko vilevile katika *mhola*, neno la amani na uzima ambalo atalisikia kila asubuhi. Anayesema "mola" anatamka neno jingine kabisa.

Kisha kuna irabu. Kiswahili kina tano, Kisukuma kina saba, na kila moja yaweza kuwa fupi au ndefu. Maandishi mengi ya Kisukuma huandikwa kwa herufi tano zilezile, hivyo anayejifunza kwa kusoma peke yake hajui kwamba kuna mbili zimefichika. Sikio lake halijaambiwa lizitafute.

Konsonanti nazo zina sheria yake. Tatu ya Kiswahili Bariadi ni *idatu*. Hilo si kosa la ulimi wala lafudhi ya shamba. Konsonanti mbili zisizo na mghuno zikifuatana katika silabi jirani, ya kwanza huchukua mghuno. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani aliyeieleza kutokana na Kinyamwezi, ndugu wa karibu wa Kisukuma.

Gumu kuliko yote ni toni. Tangu Irving Richardson alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1959, Kisukuma kimekuwa mfano maarufu katika isimu kwa sababu toni yake ya juu haikai kwenye silabi inayoimiliki. Husogea mbele, kwa kawaida silabi mbili, na yaweza kutua kwenye neno linalofuata. Ndiyo maana anayekariri neno mojamoja hupotea mara tu maneno yanapoungana. Mtanzania Herman Batibo aliandika kitabu kizima kuhusu fonolojia na mofolojia ya lugha hii, kikatoka Paris mwaka 1985. Lugha iliyopewa kazi ya namna hiyo haiwezi kuwa Kiswahili kilichopinda.

Basi mwalimu wa Maswa ajifunze sentensi nzima, azisikie kwa mtu, azirudie mbele ya mtu huyohuyo. Orodha ya maneno ije baadaye.

Nimeona tangazo la kozi ya Kisukuma ya siku saba, malipo kabla. Nijiunge?

Asilipe hata senti.

Mganga mmoja ananiambia ana dawa ya kufungua ulimi.

Haipo.

Nina miaka 38. Nina miaka 45. Nakaribia kustaafu. Je, nimechelewa? (Barua kadhaa zimeunganishwa)

Hajachelewa yeyote kati yao. Mtu mzima huenda asipate lafudhi ya aliyezaliwa Itilima, lakini ana faida ambayo mtoto hana: anaweza kuelezwa sheria, akaielewa, akaitumia jioni hiyohiyo. Mapadri wa shirika la Maryknoll walioingia Shinyanga miaka ya 1950 walikuwa watu wazima kutoka Marekani, ambao hawakuwa na Kibantu hata kidogo cha kuanzia. Donald Sybertz, mmoja wa mapadri wa shirika hilo, alifikia kiwango cha kukusanya na kufafanua methali za Kisukuma pamoja na wanakijiji wa Ndoleleji. Mtanzania anayezungumza Kiswahili anaanza akiwa mbele yao mbali sana.

Kinachowakwamisha wengi ni aibu. Ofisa hataki kuchekwa na watoto, basi anarudi kwenye Kiswahili baada ya salamu. Miaka sita baadaye bado yuko kwenye salamu.

Nimejifunza kwa kitabu, lakini Bariadi wananisahihisha. Kitabu kina makosa?

Hakina. Kisukuma kina lahaja, na Bariadi iko Ntuzu. Mahali ambapo maandishi mengi yanaweka *ki-* na *ku-*, Wantuzu husema *gi-* na *gu-*. Wenyewe huita lahaja yao Ginantuzu. Majina ya pande za nchi pia huwachanganya wageni: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi, na watu hutajana kwa pande hizo. Mgeni achague lahaja ya mahali anapofanyia kazi, aishikilie. Akihamia Magu atarekebisha.

Najifunza kwa vichekesho vya simuni. Ni njia nzuri?

Ni njia mbaya kabisa. Wachekeshaji wengi hawasemi Kisukuma. Wanasema Kiswahili cha kumdhihaki Msukuma. Anayejifunza huko huja Bariadi akimwita mzee wa watu *ngosha*, akidhani ni heshima. Mzee ni *baba*, mama wa makamo ni *mayu*. Asubuhi ni *mwangaluka*, mchana ukishapinda ni *mwadila*, na mdogo ndiye huanza. Shukrani ni *wabeja*. Haya machache yakisemwa kwa utulivu hufungua milango mingi kuliko vichekesho vya mwaka mzima.

Simiyu nzima ni Wasukuma?

Hapana. Meatu kuna Wataturu na Wahadzabe, na lugha zao si za Kibantu.

Kwa nini nijisumbue? Wagonjwa huja na watoto wao, wanatafsiri. (Muuguzi, Itilima)

Barua hii ndiyo iliyotia wasiwasi kuliko zote. Bibi mwenye tatizo la uzazi hatalisema mbele ya mjukuu wa darasa la tano. Atasema tumbo linauma, atapewa dawa za tumbo, atarudi nyumbani. Mtoto naye hutafsiri kile anachokielewa tu, na maumivu ya "jana" na ya "tangu zamani" yanaweza kuchanganyika mdomoni mwake. Muuguzi hahitaji kuhutubia kwa Kisukuma. Anahitaji maswali ishirini ya chumba cha uchunguzi, pamoja na kuelewa majibu yake. Mkunga mzoefu wa hapohapo kituoni anaweza kumfundisha, iwapo ataombwa kwa adabu.

Kujifunza lugha ya kabila si kuleta ukabila?

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inataka jamii ziendelee kutumia lugha zao na kujivunia, na inahimiza kuandikwa kwa kamusi na vitabu vyake vya sarufi. Kiswahili chenyewe kimechota huko. Neno *ikulu* limetoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Anayeeneza uvumi kwamba ofisa wa umma haruhusiwi kumsalimia mkulima wa pamba kwa lugha yake aache.

Kwa nini basi hakuna darasa?

Swali hili lilipaswa kuulizwa kwanza. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, ilikiweka Kisukuma juu ya lugha zote za jamii nchini, kikiwa na wasemaji zaidi ya milioni 5. Kule Wales, nchini Uingereza, sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wasemaji wa Kiwelisi wapatao 538,000 tu, yaani hata asilimia 18 ya wakazi haikufika. Hata hivyo kuna kituo cha taifa cha kuwafundisha watu wazima, na serikali yao imejiwekea lengo la wasemaji milioni moja ifikapo mwaka 2050. Lugha yenye wasemaji karibu mara kumi ya hao inaachiwa bahati ya mgeni kupata jirani mkarimu.

Simiyu ina halmashauri sita na wakazi zaidi ya milioni mbili. Kila halmashauri ina walimu wastaafu wanaokijua Kisukuma na Kiswahili kwa ufasaha, na shule ambazo madarasa yake hubaki matupu jioni. Wakurugenzi waanze na watumishi wapya wa afya, saa mbili kwa wiki, kabla mwaka wao wa kwanza kazini haujaisha.