Kitenzi Mwisho: Jinsi Programu za Hesabu Zinavyozungumza

Hapa kwetu Isiolo Mturkana na Msamburu wakizungumza lugha zao hutanguliza kitenzi: "nanywa mimi maji". Kiswahili chetu hukiweka katikati: "mimi nanywa maji". Mborana hukiweka mwisho: "mimi maji nanywa". Akiuleta mpangilio huo katika Kiswahili, wapo wanaomcheka ati anaongea kinyumenyume. Basi hao wanaocheka watazame hesabu.

Katika 7 − 2 alama iko katikati, kama Kiswahili. Mwaka wa 1924 Jan Łukasiewicz wa Poland aliitanguliza: − 7 2. Hicho ni Kiturkana kabisa! Ukiiweka mwisho, 7 2 −, umepata Kiborana, nao ndio mtindo unaoirahisishia kompyuta kazi. Amri ikifika, namba zimeshafika zamani, na mabano hayahitajiki.

Chukua (7 − 2) × 6. Iandike 7 2 − 6 ×. Sasa fikiria rundo la sahani jikoni, ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuondolewa. Weka 7, juu yake 2. Ikija alama ya kutoa, zote mbili zinaondoka na 5 inawekwa. Weka 6. Zidisha: 30. Lakini chunga, ukianza na 2 ndipo 7, utapata −5, na rundo halitakuuliza kitu.

Huko Japani, wanahisabati wakiwemo Masayuki Noro na Nobuki Takayama walitumia rundo hili kuunganisha programu za hesabu ambazo kila moja ina lugha yake. Utaratibu wao unaitwa OpenXM. Programu moja huwa mteja, nyingine mtumishi mwenye rundo. Tuseme mteja anataka x² − 9 itenganishwe iwe mabano mawili. Anatuma x² − 9, halafu 1 (yaani kitu cha kufanyiwa kazi ni kimoja tu), halafu jina la kazi, na mwisho kabisa amri: tekeleza! Mtumishi anachukua jina, idadi, kisha kitu chenyewe. Akimaliza anaweka x − 3 na x + 3 juu ya rundo, ananyamaza. Hatumi jibu mpaka aambiwe, "Lete kilicho juu."

Hata kosa likitokea hapigi kelele. Huliweka juu ya rundo kama sahani nyingine yoyote, na mteja asiyechungulia ataendelea kupanga hesabu zake juu ya kosa hilo.