Goti Linapouma Mazoezini: Somo kwa Wanaojiandaa Kuingia Chuo cha Polisi

Kila mara nafasi za makurutu wa polisi zinapotangazwa, barabara zetu za changarawe hujaa vijana wanaokimbia alfajiri. Wengi wao hawajakimbia tangu walipomaliza kidato cha nne. Wiki ya kwanza wanakimbia kilomita tano kila siku, ya pili wanapanda hadi kumi, na ya tatu utawakuta wameketi kando ya uwanja wakisugua magoti kwa dawa ya kuchua. Mwezi huu ukurasa wa afya unazungumzia goti hilo, kuanzia hapa nyumbani hadi Kiganjo au Embakasi.

Kijana mwenye afya akianza mazoezi, pumzi yake huimarika haraka. Baada ya wiki chache anakimbia bila kuhema na anajiona yuko tayari. Lakini mifupa, kano na gegedu ya goti havina kasi hiyo. Huhitaji miezi kuzoea uzito mpya. Katika pengo hilo ndipo majeraha mengi hutokea: mapafu yanasema twende, goti bado halijafika. Ukipanda ngazi tu, pia ya goti hubanwa kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya uzito wa mwili wako. Ukikimbia, ukiruka kichura au ukichuchumaa hadi chini, nguvu hiyo huongezeka zaidi.

Maumivu yenyewe hayafanani, na mahali yanapokaa hueleza mengi. Yanayozunguka pia ya goti au kujificha nyuma yake, yakizidi unaposhuka mteremko au unapoinuka baada ya kukaa muda mrefu, ndiyo ya kawaida zaidi kwa wanaokimbia. Chanzo chake mara nyingi ni mazoezi yaliyoongezwa ghafla juu ya misuli dhaifu ya paja na nyonga. Maumivu ya upande wa nje wa goti, yanayoanza baada ya kilomita kadhaa, hutokana na utepe mrefu wa nyama ngumu unaoshuka kutoka nyongani. Yale yaliyo chini kidogo ya pia ya goti ni ya kano, na huwapata sana wanaorukaruka. Aina hizi tatu husumbua, lakini kwa kawaida hutulia bila upasuaji.

Kulala kitandani wiki tatu si tiba. Misuli hulegea, na ukirudi uwanjani goti huuma vilevile. Punguza mazoezi bila kuyaacha kabisa, na tumia kipimo hiki: yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Yakibaki 3 au chini ya hapo unapofanya zoezi, na yakawa yametulia kufikia asubuhi inayofuata, endelea. Yakifika 5, au ukiamka goti likiwa kaidi kuliko jana, ulizidisha, punguza umbali. Siku za kupumzisha goti unaweza kuendesha baiskeli au kutembea ili pumzi isipotee.

Mazoezi ya kulijenga goti hayahitaji jimu. Egemea ukuta kwa mgongo, teremka hadi magoti yakunje kiasi, si hadi chini, ukae hapo sekunde 30 hadi 45. Rudia mara tano. Kisha tafuta ngazi ya mlango au jiwe tambarare, upande na kushuka polepole kwa mguu mmoja, ukiangalia goti lisiingie ndani bali lifuate kidole cha pili cha mguu. La tatu ni kulala kwa ubavu na kuinua mguu wa juu ukiwa umenyooka, kwa ajili ya nyonga. Vijana wengi hulidharau hili kwa sababu halitoi jasho. Fanya yote mara tatu kwa wiki. Nafuu huonekana baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, kwa hivyo anayesubiri tangazo ndipo aanze amechelewa.

Hatua ndefu pia hulitesa goti. Hesabu mguu wako wa kulia unagusa ardhi mara ngapi kwa sekunde 30 ukikimbia. Ikiwa ni mara 40, jaribu 42 kwa kasi ileile. Hatua zitakuwa fupi na goti litapokea kishindo kidogo zaidi.

Ukishaingia chuoni

Chuoni mambo hubadilika, kwa kuwa si wewe unayepanga kiasi cha mazoezi. Kuna gwaride la kukanyaga kwa kishindo, kuna mbio za kikosi, na kuna buti. Zoea kukimbia na kutembea kwa viatu vigumu kabla ya kuripoti. Katika mbio za kikosi, mfupi anayelazimika kufuata hatua za warefu huumia haraka, na jambo hili huwapata sana wasichana. Ukiruhusiwa, kaa mbele, ambako mwendo hautawaliwi na wenye miguu mirefu.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, ni hofu. Kurutu anaficha goti kwa sababu anaona akisema atarudishwa nyumbani, na nyumbani kuna watu waliomchangia nauli. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini goti lililoripotiwa mapema huenda likahitaji siku chache tu za mazoezi mepesi, huku lililofichwa miezi miwili likiweza kumtoa mafunzoni kabisa. Mwone mhudumu wa afya wa chuo mapema, na uhakikishe jeraha limeandikwa kwenye rekodi.

Kuhusu dawa, tuseme wazi. Sindano ya diklofenaki kabla ya mbio haiponyi goti. Inalinyamazisha tu ili uendelee kuliumiza. Dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, zikitumiwa kila siku huweza kuleta vidonda vya tumbo, na kwa mtu anayetoka jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha huhatarisha figo. Wazazi, mtoto akipiga simu akiomba vidonge vitumwe kwa matatu, mwulize kwanza kama amemwona mhudumu wa afya. Na tafadhali msimjibu "vumilia" kabla ya kusikia goti linauma vipi.

Kuna dalili ambazo hazisubiri. Goti likivimba saa chache baada ya kujipinda, likikwama lisinyooke, likilegea ghafla unapotembea, au ukishindwa kulikanyagia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo likiwa la moto na jekundu huku una homa. Na ukihisi maumivu katika sehemu moja ya mfupa chini ya goti, unayoweza kuionyesha kwa kidole na inayouma hata usiku, acha kukimbia hadi uchunguzwe, kwani mfupa huenda una ufa. Jihadhari hapo: picha ya eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe ufa huo, kwa hivyo maumivu yakiendelea rudi tena hata kama uliambiwa picha ni safi.

Kwa wanaojiandaa wakiwa nyumbani, anzeni kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Huduma za msingi hapo hazilipishwi kwa aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), kwa hivyo beba kitambulisho. Ikihitajika, afisa wa kliniki atakuandikia barua ya kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali kubwa zaidi. Nenda na viatu unavyokimbilia, kwa sababu jinsi soli ilivyolika humsaidia kuona unavyokanyaga.