Mashine Inayochora

Wanafunzi wa Kidato cha Pili wameniuliza kama mashine yaweza kuchora picha isiyopata kuonekana. Yaweza. Mwaka 1968 Harold Cohen, mchoraji Mwingereza, alihamia California akajifunza kuiandikia kompyuta maagizo. Programu yake aliiita AARON. Hakuilisha picha za watu; aliipa kanuni, kama vile umbo la mbele kulificha la nyuma. Penye njia mbili ilichagua kwa bahati, kama arushaye sarafu. Hivyo kila picha ilikuwa mpya.

Programu za siku hizi hulishwa mamilioni ya picha za watu. Iagize chui wa Tingatinga, utampata upesi. Lakini madoa yale yametoka wapi? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam yapata mwaka 1968 huohuo, kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi. Wanafunzi wake walimwiga, ila yeye mwenyewe aliwafundisha, nao wakatia sahihi zao. Wengi waliozikusanya picha za kulisha mashine hawakuwaomba wachoraji ruhusa. Mimi naona hilo ni deni.

Jaribuni: andikeni kanuni tano za kuchora mti wa kahawa kama hii yetu ya Mlowo, kisha mpe mwenzako azifuate, akirusha sarafu kila penye njia mbili. Mwulizane picha ni ya nani.