Kusoma Jiwe la Kumbukumbu: Maandishi ya Lango la Ngome ya Yesu

Swali la vyanzo vya historia huwapotezea wanafunzi wengi alama kwa kosa lilelile: wananakili chanzo kinachosema, kisha wanaweka kalamu chini. Hebu tuchukue chanzo kimoja tukifanyie kazi.

Juu ya lango la Ngome ya Yesu, Mombasa, kuna maandishi ya Kireno yaliyochongwa kwenye jiwe. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, lakini maandishi haya ni ya baadaye. Yanamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa kapteni wa ngome kuanzia 1635, akiwa na umri wa miaka 27. Yanaeleza kwamba aliikarabati ngome, akawatiisha watu wa pwani walioasi chini ya mfalme wao dhalimu, akabomoa kuta za Pate na Siyu, akawaua viongozi wa Pemba na kuwatoza kodi wafalme kadhaa. Mwishoni yanaorodhesha vyeo alivyotunukiwa.

Sasa uliza: nani anasema, na anamwambia nani? Anayesema ni upande wa mtu anayesifiwa. Lugha ni Kireno, kwa hiyo mwenyeji wa Mombasa aliyepita langoni hakuwa msomaji aliyekusudiwa. Jiwe hili linafanana zaidi na barua ya kujipendekeza kwa wakubwa.

Huyo "mfalme dhalimu" ni Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na Wareno. Yusuf alipelekwa Goa akiwa mtoto, akalelewa na mapadri, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kutawala. Agosti 1631 alimuua kapteni wa ngome na kuiteka. Mwaka 1632 Wareno walikuja na merikebu, wakaizingira ngome, wakashindwa. Waliingia baadaye mwaka huohuo, Yusuf alipokuwa ameshaondoka kwa hiari yake. Hayo yote jiwe limeyanyamazia, hasa kifo cha baba.

Hata hivyo usimgeuze Yusuf kuwa malaika. Katika mauaji ya 1631 walikufa pia Waafrika waliokuwa Wakristo, wakiwemo wanawake na watoto. Jibu linalolitaja hilo ni bora kuliko linalomsifu tu.

Wala usiandike "chanzo hiki ni cha uongo" ukadhani umemaliza. Chanzo chenye upendeleo bado kina faida, na mara nyingi faida hiyo mwandishi hakuikusudia. Cabreira alitaka tuone ushindi wake. Lakini tazama orodha yake kwenye ramani: Pate na Siyu ziko kaskazini, Pemba iko kusini. Kapteni habomoi kuta za mji uliomtii. Kwa mkono wake mwenyewe ametuachia ushahidi kwamba ukaidi dhidi ya Wareno haukuwa wa Mombasa peke yake, na kwamba uliendelea hata baada ya Yusuf kuondoka.

Zoezi: Jiwe linasema viongozi wa Pemba waliadhibiwa. Taja chanzo kimoja cha aina nyingine ambacho ungekitafuta Pemba kwenyewe, kisha ueleze kingeweza kukuambia nini ambacho jiwe halisemi. (Alama 5)